Upasuaji wa Kope: Kabla ya Kulipa, Uliza Habari za Kupona

Upasuaji wa kope ni kuondoa au kupanga upya ngozi na mafuta ya kope la juu au la chini. Kope tunalolizungumzia ni ngozi inayofunika jicho, si nywele za kubandika zinazouzwa saluni.

Kwa mkazi wa Njombe au Makambako, upasuaji huu ukifanywa kwa ajili ya urembo huweza kumaanisha safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Bei anayotajiwa huwa ya siku moja ya upasuaji, ilhali kupona huchukua majuma.

Anza kwa daktari wa macho. Kope lililolegea hadi kuziba mboni ni tatizo la kiafya, si la urembo tu. Uliza mfuko wako wa bima kabla ya kutoa fedha. Kope lililoshuka ghafla, au linalozidi kulegea kila jioni, huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa neva au misuli, na kisu hakiutibu ugonjwa huo.

Daktari atakayekupasua awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwombe jina lake kamili na namba ya usajili. Aliye halali hataona umemvunjia heshima. Dai makubaliano ya maandishi yanayoeleza nani atatoa nyuzi, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 7, nani atapokea simu yako usiku, na gharama itabebwa na nani endapo kope litahitaji kurekebishwa. Dai pia risiti ya EFD. Bila karatasi hizo, lalamiko lako kwa Baraza au kwa Tume ya Ushindani litakuwa gumu kulithibitisha.

Uvimbe na damu kuvilia chini ya ngozi ni mambo ya kawaida kwa wiki moja hadi mbili. Lala kichwa kikiwa juu, weka kitambaa safi chenye ubaridi siku mbili za mwanzo, usiinue ndoo wala mzigo. Baridi ya Njombe huwafanya watu wafunge madirisha na kukaa karibu na jiko. Moshi huo hukausha na kuwasha jicho ambalo bado halifumbi vizuri. Dawa za kienyeji zisitiwe machoni kamwe.

Hatari kubwa ni damu kuvuja nyuma ya jicho, mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza. Dalili zake ni maumivu makali, jicho kutokeza nje na kuona kufifia, na uoni huweza kupotea ndani ya saa chache. Kwa hiyo hatushauri kupanda basi siku inayofuata: dalili hizo zikikukuta Kitonga, hakuna atakayekusaidia. Panga malazi karibu na hospitali hadi nyuzi zitolewe, na gharama hiyo uijumlishe katika bei tangu mwanzo. Unapoondoka, omba barua ya maelezo ya matibabu kwa ajili ya kliniki ya macho iliyo karibu na nyumbani.