Umeme Hafifu wa Sikioni na Tatizo la Kukosa Usingizi

Mtu anayekesha bila hiari yake hutafuta nafuu popote anapoisikia. Wapo wanaotegemea vidonge, wapo wanaokunywa pombe kabla ya kulala, na wapo wanaovutiwa na matangazo ya simu yanayonadi vifaa vidogo vya kubana sikioni, vinavyodaiwa kuleta usingizi kwa njia ya umeme. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kata ya Mshangano tiba hiyo ni nini, utafiti umefikia wapi, na mkazi mwenye tatizo hilo aanzie wapi kabla hajatoa fedha yake.

Kitabibu, ugonjwa sugu wa kukosa usingizi ni ule unaomfanya mtu ashindwe kulala, au aamke mara kwa mara, au aamke mapema mno na asiweze kulala tena, angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, hata mchana wake ukaharibika. Sharti mojawapo ni kwamba mtu huyo awe na nafasi ya kutosha ya kulala. Mlinzi wa zamu ya usiku na mama mwenye mtoto mchanga wanachoka kweli, lakini wanachokosa ni muda wa kulala. Wakiupata, usingizi huja wenyewe. Mgonjwa anao muda, anacho kitanda, taa imezimwa, na bado macho hayafungi.

Sababu kubwa ya hali hiyo ni mwili kubaki katika tahadhari. Moyo unakwenda kasi, mawazo yanakimbia, nayo misuli imekaza. Kazi ya kuutuliza mwili hufanywa kwa sehemu kubwa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Mshipa huu huanzia sehemu ya chini ya ubongo, hushuka shingoni, hupita kwenye moyo na mapafu, na kufika tumboni. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzururaji, na kwa safari hiyo ndefu jina hilo linastahili. Tawi lake dogo hufika kwenye ngozi ya sikio la nje, katika lile bonde lililo karibu na tundu la sikio. Hapo ndipo wataalamu walipopata njia ya kuufikia bila kisu.

Kabla ya hapo, kuuchochea mshipa huo kulihitaji upasuaji. Mwaka 1997 mamlaka za Marekani ziliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani, chenye waya unaofungwa kwenye mshipa wa vagasi shingoni, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa ambao dawa zilishindwa kuwasaidia. Njia ya sikioni haina mshono wala kidonda. Kifaa hubanwa kwenye sikio na kupitisha umeme hafifu sana, wa kiasi cha miliampea chache au pungufu ya hapo, ambao mtu huuhisi kama mtekenyo. Taarifa hiyo husafiri kupitia tawi la sikio hadi kwenye ubongo, na inakusudiwa kuuelekeza mwili kwenye utulivu.

Fikra ya kutibu kwa umeme si ngeni. Scribonius Largus, tabibu wa Roma katika karne ya kwanza, aliagiza samaki mwenye umeme awekwe kichwani pa mgonjwa wa maumivu ya kichwa. Tiba za leo zina kipimo, jambo ambalo samaki yule hakuwa nalo.

Je, inafanya kazi? Mojawapo ya majaribio ya kuzingatiwa ni lile lililofanyika katika mji wa Hangzhou, nchini China, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 72 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata tiba halisi ya sikioni na lingine tiba ya kuigiza, kwa muda wa wiki 8. Ubora wa usingizi ulipimwa kwa dodoso lenye alama kuanzia 0 hadi 21, ambapo alama nyingi humaanisha usingizi mbaya. Waliopata tiba halisi walipungukiwa wastani wa alama 8.2, na waliopata tiba ya kuigiza walipungukiwa alama 3.9.

Namba hiyo ya pili inahitaji kutazamwa kwa makini. Watu ambao hawakupata tiba yoyote ya kweli nao walilala vizuri zaidi kuliko awali, kwa sababu waliamini wanatibiwa, walihudumiwa kwa karibu, na pengine tatizo lenyewe lilianza kupungua. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani kwamba kifaa fulani kilimsaidia, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi kuthibitisha kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta nafuu. Tofauti kati ya makundi yale mawili ndiyo hoja, nayo inatia moyo. Hata hivyo, wagonjwa 72 wa kituo kimoja ni wachache.

Wala vifaa vyote vya umeme si sawa. Vipo vinavyopitisha umeme kichwani badala ya sikioni. Mwezi Desemba 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilivipanga upya vile vinavyotumika kwa wasiwasi na kukosa usingizi, ikivilegezea masharti kiasi, lakini huko hutolewa kwa cheti cha daktari. Hapa nchini, usimamizi wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi anayeuziwa kifaa cha namna hiyo anayo haki ya kuuliza kama kimesajiliwa, na muuzaji asiye na jibu amekwisha kujibu.

Tahadhari ni muhimu zaidi kwa baadhi ya watu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa, na mama mjamzito hawapaswi kutumia vifaa hivi bila idhini ya daktari. Na mtu yeyote asijaribu kutengeneza kifaa chake kwa waya za redio au chaja ya simu, hata kwa msaada wa fundi hodari. Umeme wa nyumbani huua.

Tiba hii si sehemu ya huduma za kawaida katika zahanati na vituo vya afya. Jambo hilo lisimkatishe tamaa mkazi, kwa kuwa tiba yenye ushahidi mwingi zaidi haihitaji kifaa. Chama cha Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na tiba ya mazungumzo na kubadili mazoea. Mgonjwa huelekezwa kuamka saa ile ile kila siku, hata kama hakulala vizuri. Kwenda kitandani anaposinzia tu. Na akikaa macho kwa muda unaokadiriwa kuwa dakika 20, ainuke aende kuketi mahali pengine penye mwanga hafifu mpaka usingizi urudi. Muda wa kukaa kitandani hupunguzwa kwanza, kisha huongezwa kidogo kidogo. Wiki za mwanzo ni ngumu, na waendesha bodaboda na madereva hawana budi kumweleza mtaalamu kazi yao kabla ya kuanza.

Kuhusu vidonge, Mkoa wa Ruvuma ndio uliotangulia nchini kuwa na Maduka ya Dawa Muhimu, mwaka 2003, na maduka hayo yamewasogezea wananchi dawa nyingi. Lakini diazepamu na dawa za jamii yake zinahitaji cheti cha daktari. Hujenga utegemezi, huongeza hatari ya wazee kuanguka usiku, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuzuia pumzi.

Anayekosa usingizi aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa sonona, maumivu, kisukari kinachomwamsha kukojoa, tezi dume, au chai na kahawa za jioni. Panapohitajika, atapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Itamsaidia mtoa huduma ikiwa mgonjwa atafika na daftari lenye kumbukumbu za wiki mbili: saa aliyopanda kitandani, muda anaokadiria alichukua kabla ya kulala, mara alizoamka, saa aliyoinuka, na dawa au kinywaji alichotumia siku hiyo.