Kuchagua Wanyama wa Kula Mwani katika Tangi Dogo la Samaki: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kitale na Bungoma

Vioo vya tangi vikianza kuvaa ukijani, kila mtu hukuambia ununue samaki wa kusafisha. Lakini samaki wa kusafisha kila kitu hayupo. Anayefaa ni mnyama anayekula aina ya mwani ulio nao, anayestahimili baridi ya maji yako, na ambaye akikomaa tangi litamtosha. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Kwa hiyo mnyama anayestawi sebuleni Bungoma anaweza kuzubaa na kufa Kitale. Mwongozo huu ni wa tangi la lita 40 hadi 80.

Hatua ya 1: Pima joto la maji alfajiri

Tumbukiza kipimajoto tangini na ukisome kabla ya jua kuchomoza, kwa siku kadhaa mfululizo. Usiku Kitale, hewa ya nje hushuka hadi karibu nyuzi 12, na mwezi wa Julai baridi huzidi. Maji yaliyo ndani ya nyumba hayafiki huko, lakini yanaweza kulala chini ya nyuzi 20. Andika kiwango cha chini kabisa ulichokiona, kwa maana hicho ndicho kitakachoamua umnunue nani. Ukiweka hita, wati 50 hutosha tangi la lita 50. Umeme ukipotea usiku, lifunike tangi kwa blanketi lisipoteze joto haraka.

Hatua ya 2: Utambue mwani wako

- *Vumbi la kahawia* linalofutika kwa kidole: hizi ni diatomu. Hujitokeza katika tangi jipya na mara nyingi hupungua zenyewe baada ya wiki chache.
- *Vidoa vya kijani vigumu* kwenye kioo: kazi ya konokono.
- *Nyuzi laini* kwenye mimea na mawe: kazi ya uduvi. Zisokote kwanza kwa mswaki mkuukuu uzitoe, kisha uwaachie mabaki.
- *Maji yenyewe kuwa kijani*: samaki na konokono hawatakusaidia. Punguza mwanga na ubadilishe maji.
- *Utando wa kijani-bluu unaoteleza na kunuka*: hawa ni bakteria, na wanyama karibu wote huukwepa. Uvute kwa mpira na uongeze mzunguko wa maji.

Hatua ya 3: Kata chakula cha mwani

Mwani hulishwa na mwanga pamoja na uchafu. Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua. Washa taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, usizidishe. Walishe samaki kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili, na badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yana klorini: yaache katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 au tumia dawa ya kuiondoa. Maji ya kisima kilicho karibu na shamba la mahindi yanaweza kubeba nitrati ya mbolea, na mwani huipenda kama mahindi yanavyoipenda. Usiporekebisha haya, mnyama utakayemleta ataongeza kinyesi tu.

Hatua ya 4: Chagua mmoja kati ya hawa

*Uduvi mwekundu* (Neocaridina davidi). Asili yake ni Asia ya Mashariki na hukua hadi sentimita 3 hivi. Hustahimili maji ya nyuzi 18 hadi 26 na huzaana mumo humo tangini. Anza na 10 katika lita 40. Kwa Kitale bila hita, huyu ndiye chaguo la kwanza. Usimchanganye na samaki wakubwa, maana watamfanya kitoweo.

*Konokono neriti.* Hodari kuliko wote kwa vidoa vya kioo. Hupenda nyuzi 22 hadi 28, hivyo humfaa zaidi mkazi wa Bungoma, au mwenye hita. Hutaga vidoa vyeupe kwenye mawe, lakini mayai hayo hayakui katika maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi. Weka mmoja kwa kila lita 20. Maji ya mvua hayana chokaa, nayo hula gamba lake. Ongeza maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa. Funika tangi vizuri, kwani hupanda hadi nje.

*Ansistrasi,* yaani kambare mdogo mwenye ndevu za vinyama puani. Hufika sentimita 12 hadi 15, kwa hiyo asiwekwe katika tangi lililo chini ya lita 80. Mmoja anatosha. Anataka nyuzi 22 hadi 27 na kipande cha mti cha kukwangua.

*Otosinklasi.* Sentimita 4 tu, mpole, fundi wa diatomu. Huishi kwa kundi, kwa hiyo nunua sita. Usimweke katika tangi lililo chini ya miezi mitatu, kwa kuwa atakufa njaa kabla mwani haujatosha.

*Uduvi wa Amano.* Una jina la Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeueneza miongoni mwa wafugaji miaka ya 1980. Hufika sentimita 5 na hula nyuzi za mwani zaidi kuliko uduvi mwekundu. Viluwiluwi vyake huhitaji maji ya chumvi, hivyo hauzaani tangini.

Hatua ya 5: Wakatae hawa

*Pleko wa kawaida* huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kisha hupita sentimita 40. *Girinokeilasi,* anayeuzwa kwa jina la mla-mwani wa China, hupita sentimita 20, na akikomaa huwanyonya wenzake ubavuni. *Ngege* hula mwani kweli, lakini hung'oa mimea na kummeza uduvi. *Ningu* wa mto Nzoia hukwangua mawe vizuri, ila ni samaki wa kuhama, na amepungua mno kwa kuvuliwa wakati anapopanda mto kutaga. Mwacheni mtoni.

*Konokono wa mtoni au wa bwawani* ni hatari kwako mwenyewe. Jamii za Biomphalaria na Bulinus hueneza kichocho: konokono aliyeambukizwa hutoa vijidudu majini, navyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Mimea ya mtoni nayo inaweza kubeba mayai yake. Nunua iliyooteshwa matangini. Mkatae pia *konokono-tufaha wa dhahabu,* Pomacea canaliculata, aliyethibitishwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Hutafuna mimea ya tangi kama anavyotafuna mpunga.

Hatua ya 6: Nunua kwa macho

Muulize muuzaji jina la kisayansi na ukubwa wa mnyama akikomaa. Asiyejua, pita. Otosinklasi awe na tumbo la mviringo. Lililobonyea ni dalili ya njaa. Konokono awe ameshika kioo. Ukiagiza kutoka Nairobi kwa basi, omba gari litakalofika mchana, ili mfuko usipigwe na baridi ya usiku njiani.

Hatua ya 7: Waingize polepole

Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 20. Kisha ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano, kwa nusu saa. Uduvi wape saa nzima. Wavue kwa wavu, na maji ya safari yamwage nje.

Hatua ya 8: Walishe, na uwakinge na sumu

Mwani ukiisha, wape jani la sukuma wiki lililooshwa vyema na kuchovywa katika maji ya moto, au kipande cha tango. Mabaki yatoe kesho yake. Dawa za samaki zenye shaba huua uduvi na konokono. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni hatari: funika tangi na uzime pampu ya hewa kabla ya kupuliza. Aliyetoka kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe asitie mkono tangini mpaka aoge kwa sabuni.

Hatua ya 9: Usimwachilie mnyama yeyote mtoni

Kitale na Bungoma zote zimo katika bonde la Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Victoria. Gugu-maji lilianza safari zake duniani likiwa ua la kupamba mabwawa, na leo wavuvi wa ziwa hilo wanalijua kwa shida zake. Mnyama akikushinda, mpe mfugaji mwenzako au mrudishe dukani.

Kwa ufupi: Kitale bila hita, uduvi mwekundu 10. Bungoma, neriti wawili au watatu. Mwenye lita 80 na hita, ansistrasi mmoja. Mwani ukirudi hata hivyo, usikimbilie dukani. Rudi hatua ya 3.