Kabla Hujanunua Injini ya Boti Iliyokwisha Kutumika

Mkazi wa ukanda wetu anayetaka kuwekeza ziwani mara nyingi huwa ameipata fedha yake mbali na ziwa. Mwingine ameuza mpunga, mwingine ameuza ng'ombe, na mwingine ametoka na akiba ya miezi kadhaa ya kuhangaika duarani kule Nyarugusu au Lwamgasa. Vipo pia vikundi vinavyotumia mikopo ya Halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wote hao hufika mwaloni, iwe Nkome au kwingineko, wakamkuta muuzaji mmoja na injini moja yenye rangi inayong'aa. Katika muda usiozidi saa moja, jasho la mwaka mzima huwa limehamia mfukoni mwa mtu mwingine.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya saa hiyo moja.

Baba mdogo wa mwandishi wa makala hii ni mmoja wa waliopitia mkasa huo. Kwa miaka mingi alikuwa mwendeshaji wa karasha, na injini za dizeli anazifahamu kwa masikio. Akisikia mlio tu hukueleza kilichoharibika. Alipoamua kuingia katika biashara ya dagaa alinunua injini ya boti yenye nguvu za farasi 15. Muuzaji aliiwasha ikiwa imetumbukizwa ndani ya pipa la maji, ikaitika kwa mvuto wa kwanza wa kamba, ikanguruma vizuri. Fedha zikahesabiwa papo hapo. Wiki ya tatu, usiku, ikiwa na watu sita na mzigo wa dagaa, injini hiyo ilinoki katikati ya maji. Boti ikapelekwa na upepo hadi alfajiri, wavuvi wengine walipoiona na kuivuta. Fundi alipoifungua alikuta ukuta wa silinda umechanika na ringi za pistoni zimeliwa. Ile rangi mpya ilikuwa imepakwa juu ya rangi ya zamani iliyoungua.

Kosa la mzee huyo halikuwa ujinga wa injini. Aliipima injini ya majini kwa kipimo cha injini ya nchi kavu. Injini ya karasha ina maji yake ya kupoozea, imekaa juu ya udongo, na ikizima mwenyewe hurudi nyumbani kutafuta fundi. Injini ya boti haina tangi la maji ya kupoozea: huyanyonya maji ya ziwa kwa pampu ndogo yenye mapanga ya mpira, ikayapitisha mwilini mwake na kuyatema nje. Pampu hiyo ikishindwa, dakika chache zatosha kuiharibu pistoni. Aidha, injini ya gari hupumzika penye mteremko, lakini ziwani hakuna mteremko; boti iliyosheheni huilazimisha injini kubeba uzito wote tangu inapoondoka hadi inapofika. Kwa sababu hiyo mlio wa injini iliyo ndani ya pipa, isiyobeba chochote, haumwelezi mnunuzi jambo kubwa.

Jambo la kwanza ni kuikuta injini ikiwa baridi. Ukifika, weka kiganja juu ya kichwa cha injini kabla ya mazungumzo ya bei. Ikiwa ina joto, ujue imekwisha kuwashwa ili isikusumbue mbele yako. Keti, agiza chai, subiri ipoe kabisa. Muuzaji mwenye injini nzima hatakasirika. Ikishapoa, chomoa kizimio ili isiwake, kisha vuta kamba ya kuwashia taratibu. Mkono wako unapaswa kuhisi ukinzani unaokuja na kuachia, na kwa injini ya silinda mbili ukinzani wa kila silinda uwe sawa na wa mwenzake. Kamba inayokuja laini kama kamba ya ndoo tupu kisimani ni dalili kwamba silinda hazishiki mgandamizo. Fundi mwenye kipima mgandamizo atakupa jibu la uhakika zaidi: asome silinda moja baada ya nyingine, na tofauti kati yao isizidi sehemu moja ya kumi. Gharama ya kumleta fundi huyo ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya injini, na mwandishi haoni sababu ya mtu kuikwepa.

Baada ya hapo zitolewe plagi, zipangwe juu ya karatasi kwa mfuatano wa silinda zake. Plagi yenye ncha ya rangi ya kahawia, kama udongo mkavu, imetoka katika silinda inayounguza mafuta ipasavyo. Nyeusi iliyolowa mafuta huashiria mchanganyiko mzito au cheche dhaifu, na mara nyingi hilo hurekebishika. Nyeupe iliyokauka, hasa ikiwa na chembe ndogo za madini zilizoyeyuka na kuganda, hutangaza kuwa silinda imewahi kupata joto kali kupita kiasi; hapo ni vema kuaga. Ukikuta plagi mpya kabisa, hujaelezwa kitu. Subiri injini ifanye kazi kwanza, kisha uzitazame tena.

Wengi husahau mguu wa injini, yaani sehemu ya chini inayozama majini na kubeba propela. Ndani yake mna gia zinazoogelea katika oili yake maalumu, na pembeni mna skrubu mbili. Legeza ile ya chini kidogo, uipokee oili kwenye kiganja au kifuniko. Ikitoka safi na nzito, vizuri. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamepenya. Katika maji yetu mara nyingi chanzo ni nyuzi za nyavu zinazojisokota kwenye ekseli ya propela na kuikata sili. Sili yenyewe si ghali, ila gia zilizokaa ndani ya maji kwa miezi ni ghali sana. Kwa hiyo muulize fundi: je, kuna vipande vya chuma ndani ya oili hiyo? Ikiwa havipo, una haki ya kudai bei ipunguzwe. Ikiwa vipo, mwache muuzaji na injini yake.

Tazama pia rangi. Kupaka rangi mpya si kosa, lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza inafunika nini. Ondoa kifuniko uchunguze kichwa cha injini: rangi iliyotutumka au kugeuka weusi ni alama ya joto, na boliti zenye vichwa vilivyokwaruzwa huonyesha kwamba injini imewahi kufunguliwa. Injini iliyotumika pwani, katika maji ya chumvi, huwa na unga mweupe kwenye madini yake na skrubu zisizofunguka. Chumvi hiyo hiyo huziba njia za maji ya kupoozea kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Muulize muuzaji ilifanyia kazi wapi. Muulize pia alikuwa akichanganya petroli na oili gani. Injini nyingi za mvuvi mdogo hulainishwa kwa oili inayochanganywa na petroli, mara nyingi lita 1 kwa lita 50, na oili hiyo ni ile ya injini za boti yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Wapo wanaotia oili ya gari ili kubana matumizi, nao huwaachia wanunuzi gharama ya ubanaji huo.

Sasa ndipo injini ipelekwe majini. Ifungwe kwenye boti, ipakiwe mzigo unaokaribia ule utakaoubeba wewe, kila aliyemo avae jaketi okozi, na iendeshwe kwa mwendo kamili kwa dakika zisizopungua 20. Tupia jicho maji yanayotemwa kwenye tundu la nyuma: yawe na nguvu, yasikatike, yawe vuguvugu bila kutoa mvuke. Mchirizi hafifu unaweza kuwa ni mchanga au magugu maji yaliyoziba njia, na unaweza kuwa ni pampu iliyokwisha; isafishwe, ijaribiwe upya. Angalia kama gia inaruka yenyewe inapovuta kwa nguvu. Mwisho, izime ikiwa ya moto, uiwashe tena palepale. Injini iliyochoka huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, ikagoma ikiwa ya moto, na mgomo wa namna hiyo hutokea mkiwa mbali na mwalo.

Limebaki suala ambalo fundi hawezi kulitatua. Wizi wa injini umewatesa wavuvi wa Ziwa Victoria kwa muda mrefu, na injini iliyoibwa upande mmoja huuzwa upande mwingine kwa bei ya kuvutia. Namba ya injini huwa kwenye kibati kilicho kwenye bano linaloshika boti, na baadhi ya watengenezaji huipiga pia kwenye bloku. Kibati kilichong'olewa, namba iliyosuguliwa au namba mbili zisizolingana ni sababu tosha ya kusitisha biashara. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, endapo mpokeaji alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo ni ya wizi, na bei ya kutupa huzaa maswali ambayo mnunuzi atatakiwa kuyajibu. Dai risiti ya kwanza, waulize viongozi wa BMU wa mwalo ambako injini ilikuwa ikifanya kazi, na mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji pamoja na mashahidi, namba ya injini ikiwa imeandikwa humo kikamilifu. Kama unanunua na boti yenyewe, hakikisha usajili wake wa uvuvi. Na ikiwa itabeba abiria au mizigo, utaratibu wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) unahusika. Vikundi vya mikopo vinashauriwa kuwashirikisha Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Uvuvi kabla ya malipo, kwa kuwa mkopo utarejeshwa hata kama injini imelala.

Katika kupanga bei, tenga fedha ya matengenezo ya wiki ya kwanza: mapanga ya mpira ya pampu, plagi, oili ya gia na sili za mguu. Vibadilishwe hata kama muuzaji ameapa kwamba ni vipya.

Baba mdogo alirudi mwaloni mwaka uliofuata, safari hii akiwa na fundi. Injini ya kwanza waliikuta ya moto, na muuzaji akakataa kusubiri ipoe. Ya pili haikuwa na kibati. Ya tatu ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, na oili ya gia ilitoka kama chai ya maziwa ila haikuwa na chuma. Waliijaribu majini wakiwa na magunia kumi ya mchanga, wakakubaliana bei pungufu, sili ikabadilishwa siku hiyohiyo. Hadi sasa hajaipaka rangi.