Ngozi Nyeti: Kuchagua Losheni na Krimu ya Kukinga Jua

Ngozi nyeti huwasha au huchoma inapopakwa baadhi ya vipodozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Dalili huwa ni muwasho, joto, na baadaye madoa meusi.

Kusoma lebo
Manukato huleta mzio kwa watu wengi. Neno "Parfum" katika orodha ya viambato huonyesha kuwa yamo.

Kujikinga na jua
Ngozi nyeusi nayo huungua. Nchini Uingereza, krimu inayofaa huwa na SPF 30 au zaidi na angalau nyota 4 za UVA. Zenye oksidi ya zinki kwa kawaida huvumiliwa zaidi na ngozi nyeti. Zikiacha weupe, zipo zilizotiwa rangi. Krimu hupakwa tena kila baada ya saa 2.

Kujaribu kwanza
Kiasi kidogo hupakwa penye mkunjo wa kiwiko mara 2 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Muwasho ukitokea, krimu huoshwa na kuachwa.

Onyo
Madoa yasitibiwe kwa krimu za kujichubua. Sheria ya Uingereza inakataza zebaki katika krimu za ngozi, na haidrokwinoni isipokuwa kwa agizo la daktari. Zebaki hudhuru figo, pia mtoto aliye tumboni. Krimu isiyo na orodha ya viambato isitumiwe. Aliyekwisha kuitumia asione haya: amweleze daktari au mfamasia, naye aende na kopo lenyewe.