Neno "let" na maana zake mbili

Swali: Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, neno "let" latumika katika Waraka kwa Warumi pale Paulo aelezapo kwa nini hajafika Rumi. Ikiwa aliruhusiwa, mbona hakwenda?

Jibu: Hakuruhusiwa, ndugu msomaji, bali alizuiwa, kwani Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili mbalimbali, "lætan", yaani kuacha au kuruhusu, na "lettan", yaani kuzuia, ambavyo, sauti zake zilipochakaa kwa kupita karne, viliangukia umbo moja, na Shakespeare naye katika Hamlet alilitumia lile la kuzuia. Lugha haistahimili sana neno moja liruhusulo na kukataza, na hiyo, kwa rai yangu, ndiyo sababu la pili likafifia, likasalia katika ibara rasmi ya pasipoti za Uingereza.