Seli Zisizozaliwa Upya: Amana Ndani ya Jicho



Ndugu zangu katika imani, Qur'ani inataja kusikia na kuona miongoni mwa neema tulizopewa. Katika darsa hii tutazame sehemu ndogo ya neema ya kuona, ambayo daktari huichunga sana anapofanya upasuaji wa mtoto wa jicho.

Seli hizi ni zipi?

Mbele ya jicho kuna konea, utando angavu unaopitisha mwanga. Upande wake wa ndani una safu moja tu ya seli, zilizopangwa kama sega la nyuki. Kazi yake ni kusukuma maji yatoke ndani ya konea usiku na mchana, kwani konea ikijaa maji huvimba na kuwa na ukungu. Kijana huwa na seli kama 2,500 hadi 3,000 katika kila milimita ya mraba. Zikifa, mwili hauzalishi nyingine za kutosha kujaza pengo. Zilizobaki hujitanua tu. Zikishuka hadi chini ya 500 hivi, konea huweza kushindwa kazi, na tiba huwa ni kupandikizwa nyingine.

Hatari inatoka wapi?

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyopoteza uangavu. Yapata miaka 1,000 iliyopita, Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu aliyefanya kazi Misri, alieleza namna ya kuufyonza kwa sindano yenye tundu. Mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani alianzisha njia ya kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, kisha kuifyonza. Kazi hiyo hufanyika milimita chache tu kutoka kwenye seli zile. Nguvu ya mawimbi, vipande vya lenzi vinavyorukaruka na maji yanayopita kwa kasi huweza kuziua.

Zinalindwaje?

1. Kabla ya upasuaji, penye kifaa, seli huhesabiwa kwa darubini maalumu.
2. Daktari hujaza jeli mbele ya lenzi. Jeli hiyo huzifunika seli na kuacha nafasi ya kufanyia kazi.
3. Hutumia nguvu kidogo iwezekanavyo, mbali na konea.
4. Maji ya kusafishia jicho huwa na chumvi zinazolingana na za jicho lenyewe.

Lenzi ikiwa ngumu mno, daktari huweza kuitoa bila kuivunja, kupitia mkato mkubwa kidogo. Hapo pia jeli inahitajika.

Wajibu wetu

Wazee wengi bado husema, "Ngoja ukomae kwanza." Kwa upasuaji wa leo, kungoja kuna gharama. Kadiri lenzi inavyokuwa ya kahawia na ngumu, ndivyo inavyohitaji nguvu zaidi kuivunja, na ndivyo seli nyingi zaidi zinavyokufa. Yale yote afanyayo daktari hayawezi kurudisha kilichopotea.

Basi ukirudi nyumbani likizo, muulize mama, baba au bibi kama anaona vizuri. Mpeleke hospitali mapema, wala si kwa anayesukuma mtoto wa jicho kwa sindano. Mwambie daktari kama jicho liliwahi kuumia au kupasuliwa, au kama huona ukungu kila asubuhi. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kuwahi ni sehemu ya kuitunza amana.

Allah atuhifadhie macho yetu na ya wazazi wetu. Amin.