Prosesa inachemka, na Bukavu kuna baridi

Swali: Kaka fundi, nacheza gemu kwa kompyuta ya mezani hapa Kadutu. Baada ya nusu saa prosesa inafika digrii 97 na picha zinaanza kukwama. Mji wetu una baridi. Joto hili linatoka wapi?

Jibu: Mdogo wangu, ubaridi unasaidia, lakini Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikifika digrii 95 hadi 100. Ndiyo maana picha zinakwama.

Hata hivyo, mimi nashuku vumbi kwanza. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabarani hujipenyeza kwenye mapezi ya kipoza joto na kuganda kama blanketi. Zima, chomoa waya, fungua ubavu wa kompyuta, usafishe kwa brashi laini huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Ikiwa mashine ina miaka kadhaa, futa kwa spiriti pasta ya zamani iliyo kati ya prosesa na kipoza joto, weka mpya, tone dogo tu katikati.

Pima na kadi ya picha pia: ikiwa na digrii 80, si tatizo. Ikizidi 85, weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Kisha pima tena kwa gemu ileile. Prosesa ikibaki juu ya 90, kagua skrubu za kipoza joto, huenda moja imelegea.